Nyumba zetu na njia ya nyumbu: tutajengaje uwanda wa Kitengela bila kuufunga?

UwandaWazi (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mwezi uliopita, alfajiri, nilitoka nje na kikombe cha chai nikamkuta pundamilia mchanga amenasa kwenye ua wangu wa seng'enge. Mguu wa nyuma ulikuwa umepenya kati ya waya wa pili na wa tatu, na kila alipovuta, waya ulizidi kuingia juu ya kwato. Mama yake alikuwa upande wa pili, hatua kama kumi hivi, akipiga kwato chini na haondoki. Nilichukua koleo nikamwendea kwa nyuma ya bega ili asinione vizuri, nikakata waya mbili. Alianguka, akainuka, akaenda akichechemea. Nywele zake bado zimeshika kwenye miiba ya waya ule.

Ua ule niliuweka mwenyewe. Nilinunua ploti mbili za futi 50 kwa 100 kusini mwa mji wa Kitengela, nikaziunganisha, na kabla hata sijachimba msingi nilikuwa nimeshazungushia waya. Kila mtu hufanya hivyo. Ukiacha ploti wazi unaogopa kuja kukuta bikoni, yaani alama za mpaka, zimeng'olewa na mtu mwingine ameshamwaga mchanga.

Kwa wasiolijua eneo: Mbuga ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946, ya kwanza nchini, na ina kilomita za mraba 117 tu. Pande tatu zina ua. Upande wa kusini mpaka ni Mto Mbagathi, na ng'ambo yake unaanza uwanda wa Athi-Kaputiei, ambamo Kitengela yetu imo, takribani kilomita za mraba 2,200. Watu wengi wanadhani nyumbu na pundamilia ni "wa mbuga". Sivyo. Mbuga ni mahali pao pa kiangazi, kwa sababu ina maji ya kudumu. Mvua zikinyesha wanatoka kwenda uwandani, kwenye nyasi fupi zenye madini wanayoyahitaji wakati wa kuzaa na kunyonyesha, na ambako simba hapati pa kujificha. Ukifunga uwanda umewafungia kisimani bila malisho.

Na tumeshaufunga sehemu kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa uwanda huu walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Kufikia miaka ya 2010 walikuwa elfu chache. Hakuna aliyewapiga risasi wote hao. Waya ndio uliowamaliza, pamoja na barabara, machimbo ya mawe na ploti.

Historia yake haina mtu mbaya mmoja. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila mwanachama akapata hatimiliki yake. Mwaka 1990 ikaja sheria ya kanda za viwanda vya kuuza nje, na EPZ ya Athi River ikavuta maelfu ya wafanyakazi waliohitaji pa kulala. Mwenye ardhi alikuwa na karo ya kulipa na ukame nyuma yake. Mnunuzi alikuwa amechoka na kodi ya Nairobi. Huyo mnunuzi ni mimi.

Sasa hoja yangu, na naomba mnipinge kwa hoja. Nyumba kwa yenyewe siioni kuwa adui wa mnyama. Adui ni jinsi tunavyozitawanya. Ekari moja inatoa ploti nane hivi za 50 kwa 100. Familia 16 zikijenga kila moja yake, zimekula ekari mbili kabla hujahesabu barabara. Familia hizo hizo zingeingia kwenye jengo moja la ghorofa nne pale mjini, kwenye ploti moja. Linaloniuma zaidi: barabara yangu yote, ploti zenye ua ni nyingi kuliko nyumba kwa mbali sana. Ni waya unaozunguka majani. Watu wamenunua, wamefunga, wamerudi Nairobi kusubiri bei ipande. Hapo hakuna aliyepata pa kulala na hakuna mnyama anayepita.

Serikali imejiwekea lengo la nyumba 200,000 kwa mwaka, na tangu sheria ya 2024 wafanyakazi tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili hiyo. Mimi naunga mkono kujenga. Swali langu ni wapi, na kwa sheria gani za mipango.

—

MpangajiAthi

Ndugu, nimesoma yote. Mimi nalala chumba kimoja na watoto wawili karibu na EPZ, choo tunachangia milango minane. Nikisikia "linda uwanda" nasikia "ploti zitapanda bei". Nimeweka akiba miaka sita kwenye chama ili nipate hiyo 50 kwa 100. Ibara ya 43 ya Katiba inanipa haki ya makazi ya heshima. Nyumbu ana ibara gani?

—

UwandaWazi

Dada, swali lako ni la haki na silikwepi. Ibara ya 42 inatupa haki ya mazingira safi, na ya 69 inaitaka serikali ilinde bayoanuai. Zote zimo kwenye Katiba moja ya 2010, na sioni moja ikiifuta nyingine.

Lakini wewe unafanya kazi EPZ. Ploti unayoweza kuimudu leo iko mbali kiasi gani na kazi? Nauli ya kwenda na kurudi, maji ya kununua kwa mitungi, barabara isiyopitika mvua ikinyesha. Hivi ndivyo ploti ya bei rahisi inavyolipwa baadaye, kidogo kidogo. Nyumba yako ingefaa iwe mahali unapoweza kufika kazini kwa miguu. Pale katikati ya mji kuna viwanja vimekaa bure. Kwa nini huko kibali kinachukua muda mrefu kuliko huku porini?

—

FundiMsingi

Naongezea upande wa ufundi kwa sababu huku nimechimba misingi mingi. Udongo ni ule mweusi unaonata. Mvua ikinyesha unavimba, ukikauka unapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Huwezi kuweka nyumba juu yake. Inabidi uuzoe wote hadi ufikie murramu, ule udongo mgumu wa changarawe, au mwamba, kisha ujaze mawe na kushindilia. Kuna wateja wameishiwa hela hapo hapo, kabla ya tofali la kwanza. Hao ndio wenye ploti zenye ua na shimo katikati.

Halafu kila mmoja anachimba choo chake na tangi lake la maji taka, na anayeweza anachimba kisima. Maji ya visima vingi huku yana floridi nyingi na chumvi, tazameni meno ya watoto. Nyumba kumi na mbili zilizotawanyika zinahitaji matangi kumi na mawili na gari la kunyonya kuzunguka lote. Nyumba kumi na mbili zilizopangana zingetumia bomba moja.

Kwa hiyo mimi fundi nakuambieni, kuijenga sehemu moja ni nafuu. Ila mteja anataka ya kwake, na ua wake. Simlaumu.

—

KataaKuonewa

Mnatuambia sisi wadogo tusijenge. Reli ya kisasa ya kwenda Naivasha ilifunguliwa 2019, imepita JUU ya mbuga yenyewe, kama kilomita sita za daraja. Barabara ya Southern Bypass nayo ilimega ukingo. Mkubwa akipita ndani ni maendeleo, mimi nikiweka waya nje ni uharibifu. Nyie mnaona haki hapo?

—

UwandaWazi

Hapana, sioni haki. Na nadhani hili limevunja imani ya watu kuliko jambo lolote. Utanishawishi vipi nitii mpango ambao aliyeuandika hautii?

Kitu kimoja tu: daraja lile liko juu ya nguzo, mnyama anapita chini. Halikupaswa kupita pale, nasema hivyo wazi, lakini nyumbu bado anapita. Ua wangu haukuacha hata nafasi ya kichwa.

—

MfugajiKaputiei

Nimekaa kimya nikisoma watu wakiongea juu ya ardhi ya baba yangu. Sasa nami niseme.

Nyinyi mnaita "uwanda wazi" kama kwamba uko wazi kwa bahati. Uko wazi kwa sababu sisi tuliuacha wazi. Ng'ombe na nyumbu wanataka kitu kimoja, pa kwenda mvua inapokwenda. Si kwamba tunapendana na nyumbu. Wakati wa kuzaa, ndama wa nyumbu wana ugonjwa unaoua ng'ombe, na wazee walijua kuhamisha mifugo mbali na nyasi zile hadi ndama wakue. Leo nihamishie wapi? Kushoto waya, kulia waya.

Mwaka 2000 ulianza mpango wa kutulipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka. Masharti: usiweke ua, usilime, usichimbe mawe, usiuze vipande. Malipo yalikuja mara tatu kwa mwaka, shule zinapofunguliwa. Yule aliyepanga tarehe hizo alikuwa anajua maisha yetu. Mama yangu alikuwa anaweka risiti za karo na karatasi za malipo kwenye mfuko mmoja wa nailoni, zimefungwa pamoja kwa raba. Watoto wamesoma kwa nyasi zilizoachwa.

Lakini piga hesabu. Ekari 100 ni dola 400 kwa mwaka mzima. Broka akija anakupa bei ya ekari moja inayozidi hiyo mara nyingi mno, na anakupa leo. Na ile ya dola 4 ilitegemea wafadhili: fedha zikija tunalipwa, zikichelewa tunangoja. Mkono mtupu haulambwi. Kama taifa linataka uwanda huu, taifa ndilo lilipe, kwenye bajeti, kama linavyolipia barabara.

Kuhusu simba. Juni 2012 simba sita waliuawa kwa mikuki hapa Kitengela baada ya kuingia zizini na kuua mbuzi. Dunia ilililia simba. Sheria ya wanyamapori ya 2013 imeandika fidia ya shilingi milioni 5 mtu akiuawa na mnyama, vizuri, lakini mwenye kufiwa hujaza fomu akasubiri hadi akachoka. Aprili 2025 msichana wa miaka 14 aliuawa na simba jike kando ya mbuga. Usiku ule kila mzazi wa upande huu alihesabu watoto wake mara mbili. Msizungumze nasi juu ya wanyama kana kwamba ni picha.

Na bado sijauza. Kwenye boma letu tuna taa zile za kumulika alizobuni Richard Turere akiwa kijana mdogo wa huku huku: sola, betri kuukuu ya gari, kifaa cha indiketa ya pikipiki, na balbu ndogo za tochi zinazowaka kwa kupokezana. Simba anadhani kuna mtu anatembea na tochi. Kwetu zimesaidia.

—

FundiMsingi

Mzee wangu, heshima. Umesema yote.

—

PimaKwanza

Nimefanya kazi ya upimaji na mipango kwa muda mrefu, sasa nimestaafu. Nieleze mlango ambao maji yanapitia.

Karatasi tunazo. Sheria ya mazingira ya 1999 inadai tathmini ya athari. Bodi ya udhibiti wa ardhi ndiyo inayotoa idhini ya kugawa shamba. Mwaka 2011 baraza la Olkejuado, lililosimamia eneo hili kabla ya kaunti, lilikuwa na mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto, uliogawa eneo katika kanda: hapa mji, hapa malisho na wanyama. Wenye ardhi walishiriki kuuandaa. Kisha ikaja sheria ya mipango ya ardhi ya 2019.

Tatizo: kila ombi linaangaliwa peke yake. Mtu analeta ekari 5 anataka kuzigawa. Ukiitazama hiyo 5, haifungi njia ya nyumbu. Kesho jirani analeta 5 zake. Nazo hazifungi. Baada ya miaka kumi njia imefungwa na hakuna karatasi hata moja mezani iliyosema "nafunga njia". Niliwahi kukaa kwenye kikao tukapitisha maombi ishirini na kitu kabla ya chakula cha mchana, na ramani ya kanda ilikuwa ukutani nyuma yetu. Hakuna aliyegeuka kuitazama. Nami sikugeuka.

Kwa hiyo mnaposema mageuzi ya mipango, msidhani ni kuongeza vikwazo kila mahali. Watu wa ujenzi wana haki ya kulalamika kuhusu urasimu. Mimi ningefanya hivi: ndani ya mipaka ya mji, kibali cha ghorofa kitoke kwa wiki chache, mradi michoro imefuata kanuni, na mwenye kiwanja kinachokaa bure alipe kodi ya ardhi inayouma. Nje ya mpaka, kwenye njia ya wanyama, kugawa kukome, na anayeshika ardhi hiyo alipwe kila mwaka kwa jina lake. Mambo haya mawili lazima yaende pamoja. Ukizuia ujenzi uwandani bila kufungua mji, dada MpangajiAthi ndiye anayeumia. Ukifungua mji bila kuzuia ujenzi uwandani, mabroka wanakula pande zote mbili.

—

MkenyaUghaibuni

Niko Uingereza, nao wanagombana juu ya jambo hili hili. Serikali yao imeahidi nyumba milioni 1.5 ndani ya muhula mmoja wa bunge. Tangu Februari 2024, England, mradi mkubwa lazima uache hali ya viumbe ikiwa bora kwa asilimia 10 kuliko ilivyoikuta, na uitunze kwa miaka 30. Kisha Machi 2025 ukaletwa muswada wa mipango wenye wazo jingine: mjenzi alipe kwenye mfuko wa kurejesha mazingira, afanye kazi yake, na fedha zitumike kwa pamoja kwenye eneo kubwa badala ya kila mjenzi kuhangaika na popo waliomo kwenye kiwanja chake. Wanaotetea wanasema ni haraka na mazingira yanapata kitu kikubwa. Wanaopinga wanasema ni kununua ruhusa ya kuharibu.

Huku kwetu tungeweza kuiga? Kila jengo jipya Nairobi lichangie mfuko wa kulipa wafugaji?

—

UwandaWazi

Nusu ya wazo naipenda sana. Kuchangia mfuko, ndiyo: anayejenga mjini alipie nyasi za kina MfugajiKaputiei, na wasitegemee tena wafadhili.

Nusu nyingine inanitia hofu. Kama ni bwawa la mijusi wa majini, unaweza kuchimba jingine kijiji cha jirani. Njia ya nyumbu ina mahali pamoja tu. Ukishaijenga, huwezi kulipa upewe nyingine Machakos. Kwa hiyo mchango usiwe kamwe ruhusa ya kujenga juu ya njia.

—

MtzSimanjiro

Habari za huko, majirani. Kwetu Tanzania, kijiji cha Terrat, uwanda wa Simanjiro, kampuni za utalii zilikubaliana na kijiji kukilipa kila mwaka ili uwanda usilimwe, na mifugo iendelee kulisha. Nyumbu na pundamilia wa hifadhi ya Tarangire wanakuja kuzaa pale. Tofauti na kwenu, kwetu ardhi ni ya kijiji chini ya sheria ya 1999, makubaliano unafanya na mkutano mmoja badala ya hatimiliki mia mbili. Kugawa ni rahisi, jamani. Kurudisha pamoja ndiyo kazi. Vipande vyenu vilivyobaki vikubwa, vilindeni sasa.

—

MpangajiAthi

Nimesoma maneno ya mzee mfugaji mara mbili. Sikujua habari ya malipo yanayokuja na kufungua shule. Mimi na yeye tunahangaika na karo ile ile.

Kama mtu ataniuzia chumba kimoja na sebule mjini kwa malipo ya polepole, yenye maji ya bomba, ploti siitaki. Ila naomba mnielewe, chumba hicho bado sijakiona. Ploti naiona, broka yuko hapa nje ya geti kila Jumamosi.

—

FundiMsingi

Wakati mnangoja serikali: mwenye nyumba tayari, ua uzungushe nyumba na shamba la mboga tu, si ploti nzima. Pale ambapo lazima waya upite mrefu, waya wa chini na wa juu visiwe na miiba, na wa chini uinuke karibu na urefu wa goti ili ndama apenye. Ni kazi ya siku moja, na waya wa zamani unautumia kufungia kuku.

—

UwandaWazi

Mrejesho. Nimefanya kama Fundi alivyosema. Ua sasa umebaki kuzunguka nyumba na sukuma wiki. Ile kona alikonasa pundamilia nimeng'oa nguzo zote, na bikoni nimezimwagia saruji ili zisihamishwe.

Jumapili tuliketi majirani saba chini ya tangi la maji la jirani yangu. PimaKwanza alikuja na ile ramani, tukaitandaza juu ya meza ya plastiki na kuweka mawe pembeni upepo usiichukue. Barabara yetu iko kwenye ukingo wa njia yenyewe. Wanne wamekubali kufungua upande wa kusini kabla ya mvua za Novemba. Wawili wanataka kwanza kuzungumza na wenye ploti tupu walio Nairobi, na namba za simu tunazo za baadhi.

Mmoja amekataa. Ana watoto watatu wadogo, na fisi walipita kwake mara mbili mwaka huu. Hatukumbishia. MfugajiKaputiei, kama una nafasi Jumamosi, tunaomba uje na zile taa umwonyeshe zinavyofungwa. Nauli na betri tutachanga.